Nyanya Mbili za Chengo

Mniwie radhi, kisa hiki kilistahili msimulizi mwenye meno kamili, lakini ndiyo hivyo, mmeangukia kwangu.

Mwachiro, mwenye ploti, alimfukuza mpangaji yeyote aliyeleta hata paka bila ruhusa yake. Sasa Chengo, ambaye mvua zilikuwa zimebomoa nyumba ya kwao kijijini, akamwendea kwa adabu zote.

"Bwana mkubwa, niruhusu nilete nyanya zangu."

"Chumba chenyewe mko watatu, nyingi za nini? Mbili zatosha! Ziweke mlangoni zipate jua. Na maji utazipa mwenyewe."

"Zitaota jua kila asubuhi, bwana mkubwa."

Mwachiro akawageukia waliokuwa wakifua bombani. "Nyote mashahidi! Chengo nimemruhusu nyanya mbili. Nisione ya tatu!"

Kesho yake alikuta vigoda viwili mlangoni pa Chengo. Kwenye kimoja aliketi bibi aliyemzaa baba yake Chengo, kwenye kingine bibi aliyemzaa mama yake, wakiota jua na kudai chai. Kule bombani watu hawakujiweza kwa kicheko.

"Chengo! Nilisema nyanya mbili, sikusema wawili!"

Chengo akainamisha kichwa. "Kosa ni langu, bwana mkubwa. Ngeli zilinishinda tangu shule."