Chupa Nne na Jina la Mtoto

Hapo zamani, tena si zile za fisi na sungura, ni zamani za juzi tu, kompyuta moja ilipokuwa na ukubwa wa jokofu na ofisi nzima ikiiogopa kama mama mkwe, palikuwa na bohari ya dawa katika mji mmoja wa bara. Kompyuta ile ilikaa peke yake katika chumba cha baridi. Nyaya zake zilikwenda kwenye skrini zote za bohari, hata za tawi la ng'ambo ya reli.

Mashine ile ilikuwa na sheria yake. Aliyefungua rekodi ya dawa ili airekebishe, aliishika peke yake mpaka amalize. Wengine wote waliambiwa: Rekodi inatumika. Subiri. Na dawa haikutoka bila karatasi ya mashine. Msije mkamlaani mtunza bohari, Mzee Msigala. Bohari iliwahi kuibiwa, na tangu hapo aliapishwa.

Siku moja, saa sita mchana, akaingia Maganga, tarishi wa hospitali ya misheni, cheti cha daktari mkononi. Mkewe Nyamizi, mja mzito wa miezi minane, alikuwa ameumwa na kifutu aking'oa karanga. Mguu ulishavimba hadi pajani. Daktari alitaka chupa nne za dawa ya sumu ya nyoka, na bohari nzima ilikuwa na chupa nne.

"Mke wangu ameapa," alisema Maganga. "Atakayeiwezesha dawa imfikie, mtoto huyu atapewa jina lake."

"Dawa ipo, baba," alisema Mzee Msigala. Akaandika. Skrini ikajibu: Rekodi inatumika. Subiri.

"Inatumika na nani?" aliuliza Maganga.

Skrini haikusema. Mzee akaandika tena. Rekodi inatumika. Subiri.

Akaitwa Mwasomola, fundi wa mashine. Akakagua printa, nzima. Akapita ofisi kwa ofisi: "Tokeni wote kwenye skrini!" Wakatoka wote. Rekodi inatumika. Subiri.

"Si uizime, uiwashe tena!" Maganga alipiga kelele.

"Nikiizima, kaka, maombi ya hospitali nyingine yaliyo nusunusu yanapotea. Huko nako kuna wagonjwa."

Akaingia chumba cha baridi, akaiamuru mashine imwonyeshe kila rekodi iliyoshikwa na skrini iliyoishika. Akapitisha kidole mstari kwa mstari. Nyuma yake Maganga alikuwa akilitaja jina la mkewe, hilo tu. Mwishowe Mwasomola akaiona: skrini ya kumi na saba, tawi la ng'ambo ya reli, karani Kalunde.

Angeweza kuikata kazi ya Kalunde kwa nguvu, lakini hesabu ya dawa ingebaki nusu na karatasi isingetoka. Ilibidi mtu atoke kwa utaratibu, kwenye skrini ile ile. Akapiga simu. Ikalia, ikalia.

Aliyepokea ni Mwamvita, mama mfagizi. "Wametoka kula wote. Kalunde kaondoka tangu saa tatu, mwanawe kavunjika mkono shuleni."

"Mama, ingia ofisini kwake. Mstari wa juu, kitufe cha kumi na mbili, kibonyeze. Ukibonyeza cha kumi na moja, rekodi inafutika."

Mwamvita alikuwa amepewa barua ya onyo ofisini: siku atakayogusa kompyuta, ndiyo siku atakayomwaga unga.

"Kuna nini humo, mwanangu?"

"Mja mzito kaumwa na nyoka."

Wakamsikia akihesabu. Moja, mbili, tatu. Alipofika kumi na mbili hakujiamini, akaanza upya. Kisha akasema, "Bismillahi."

Mzee Msigala akaandika tena, na kwenye printa karatasi ikaanza kutoka. Maganga alilia kama mtoto, na wala hakuona haya.

Nyamizi akapona. Baada ya wiki tatu akajifungua mtoto wa kike. Kitovu kilipodondoka, akawaita wote nyumbani kwake.

Mwasomola akasema bila kuzunguka: "Mashine ilikuwa bubu, mimi ndiye niliyeisemesha. Bila mimi mngekuwa mnasubiri hadi leo. Jina langu ni la kiume, lakini mama yangu marehemu aliitwa Sekela. Ningefurahi kumsikia akiitwa tena."

Mwamvita akasema: "Mwanangu, wewe ulitoa maarifa, na bado unayo. Mimi nilitoa unga wangu, na umemwagika kweli. Barua ya kuachishwa ninayo hapa kwenye kanga. Sijutii. Ila na mimi nipate kitu cha kubaki nacho."

Kalunde hakuinua macho. "Mimi nimekuja kuomba msamaha tu. Niliifungua rekodi ile, nikaitwa, nikakimbia. Ningekuua, dada."

Hapo Mzee Msigala akakohoa. Akatoa mfukoni kibali kilichokunjwa.

"Saa nne, siku ile ile," akasema, "alikuja dereva wa hospitali nyingine. Kwa kibali hiki alitaka chupa zote nne. Hakuwa na mgonjwa, alikuwa anajaza rafu. Nikaandika, mashine ikakataa: Rekodi inatumika. Subiri. Akasubiri, akatukana, akaondoka. Kalunde asingesahau, Maganga angekuta rafu tupu."

Kalunde akajifunika uso kwa mikono. Mwamvita akamsogelea, akamshika bega.

Mimi nimewahurumia wote, ndiyo maana nimeshindwa kuamua. Aliyesahau aliilinda dawa bila kujua. Fundi aliifungua kwa kujua. Mfagizi alibonyeza akijua atalipa nini. Nyamizi aliwatazama mmoja mmoja, mtoto kifuani.

Haya, mliokaa mkinisikiliza, msinikimbie sasa. Mtoto anaamka, anataka kuitwa, na jina ni moja. Je, nani alistahili kumpa lake?