Kiboko Alivyolala na Ngoma ya Kakakuona

Ninyi mliokaa hapo, hebu niambieni: ni nani kati yenu aliyewahi kudaiwa uzoefu wa kazi ambayo kila akiiomba ananyimwa kwa sababu hana uzoefu? Mikono juu. Naona. Shusheni, mnaziba upepo.

Haya basi. Nikigonga, jibuni.

Ndu!
— Ka!
Ndu-ndu!
— Ka-ka!
Niwape au nisiwape?
— Tupe, na usibanie!
Aliyeshiba akae wapi?
— Nyuma!
Na mwenye njaa?
— Mbele, asikie vizuri!

Zamani, kabla fomu hazijaanza kujazwa mara tatu, palikuwa na bonde la majabali, na katikati ya bonde palikuwa na chemchemi moja. Kiangazi kikikaza, mto unakauka, madimbwi yanapasuka, chemchemi ile tu ndiyo inabaki. Na kwa kuwa wanyama ni wengi na maji ni haba, wenyeji waliweka desturi: hakunywi mtu kabla ya kuitwa kwa ngoma. Kila ukoo una mdundo wake. Kanga wanaitwa tiki-tiki-tiki. Pundamilia wanaitwa ndu-ka, ndu-ka. Ngiri wanaitwa gwa-ndu, gwa-ndu. Ukoo ukishakunywa, mpigaji anapiga mdundo wa kuaga, parara-ndi, nao wanaondoka bila maneno, wengine wanaitwa. Kwa hiyo mdogo hakukanyagwa, na mkubwa hakumaliza maji ya wenzake.

Mpigaji alikuwa Mzee Kakakuona. Msimdharau kwa vile anavyotembea ameinama kama anayetafuta sindano. Akikaa nyuma ya ngoma kubwa, magamba yake yanalia cheke-cheke kama njuga, mikono inasema. Na alikuwa na mdundo wake mmoja, saini yake kabisa, ambao wanyama waliuita Pumzi. Ndu-ndu, tiki-tiki, ndu-ndu, tiki... kimya. Kimya kabisa, hata nzi anashika breki. Halafu: ka! Ile ka ndiyo iliyoinua miguu. Hata twiga aliyekuwa ng'ambo ya kilima alijikuta amekwisha piga hatua kabla hajaamua.

Kila mpiga ngoma wa mabonde yote jirani aliiga Pumzi. Hakuna aliyeipata.

Sasa Mzee alikuwa na mwanafunzi, Pimbi, yule mnyama wa majabalini asiye na mkia wala godfather wa kumshika mkono. Mwaka wa kwanza Pimbi aliiga kila kitu. Mzee akivuta bega la kushoto, Pimbi anavuta. Mzee akitoa ulimi pembeni, Pimbi anautoa. Mzee akifumba jicho moja, Pimbi anafumba. Alijiona ameshakuwa Kakakuona mdogo. Siku moja Mzee akaweka mikono chini, akamtazama.

"Mjukuu wangu, bega lako lina nini?"

"Halina kitu, babu. Si ndiyo staili yako?"

"Hiyo si staili. Bega hili liliumizwa na mtego wa waya. Ulimi unatoka kwa sababu sina meno ya kuuzuia. Jicho linawasha. Wewe umebeba magonjwa yangu yote, ngoma umeniachia."

Pimbi aliona haya mpaka masikioni. Akauliza, basi kwenye Pumzi, pale penye kimya, babu anafanya nini?

"Nasikiliza," Mzee akasema. "Nasikiliza mguu wa kwanza. Ukiinuka, naushusha kwa ka yangu. Kila siku kimya kina urefu wake. Ukikikariri, umeshakosa."

Tangu siku hiyo Pimbi alijifunza upya. Aliyatupa magonjwa, akabaki na ngoma. Alijifunza kusikiliza. Alijifunza kwamba ngozi ya ngoma ni mtoto wa jua: lazima uianike juu ya jabali kila asubuhi mpaka ikaze, ukiipiga ilie, la sivyo hewa ya maji huilegeza. Na kuota jua juu ya jabali, jamani, hiyo kwa Pimbi haikuwa kazi, ilikuwa asili ya ukoo. Misimu saba. Akahitimu. Mzee akampa kingoma kidogo na baraka zake.

Halafu akaanza kutarmac, kusaga soli akitafuta kazi.

Alikwenda kwa Nyati, akaambiwa tutakupigia. Alikwenda kwa Swara, akaulizwa umetumwa na nani. Misimu mitatu alikaa juu ya jabali na kingoma chake, akiwapigia mijusi.

Kisha mikono ya Mzee ikachoka, akasema anapumzika. Kamati ya ajira ikabandika tangazo kwenye gome la mti. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Korongo, ndege anayesimama kwa mguu mmoja ili asije akaambiwa ameegemea upande. Tangazo likasema: Anatakiwa mpiga ngoma. Awe kijana. Awe na uzoefu wa miaka ishirini. Awe na umbo la kuonekana kwa mbali. Watakaoshawishi wataondolewa.

Pimbi alisoma, akacheka kwa pua. Aliomba hata hivyo. Barua yake ilirudi kabla hajafika nyumbani.

Jina lililobaki kwenye orodha lilikuwa moja: Mheshimiwa Kiboko. Mwenyekiti wa Mto, Mlinzi wa Matope, Mkurugenzi wa Matete. Vyeo vitatu, na hakuna hata kimoja alichowahi kukiamkia mapema. Mto wake ulikuwa umekauka, kwa hiyo alikuwa ameshajichimbia kitanda cha matope kando ya chemchemi, intaviu yenyewe haijafanyika, na ngoma kubwa alikuwa ameichukua akae nayo "kwa usalama". Na alikuwa amewaambia rafiki zake wazi wazi kwamba akishapata kazi, atapiga mdundo wa viboko asubuhi hadi jioni. Kanga walambe umande. Pimbi walambe mawe.

Kulikuwa na tatizo dogo tu: kupiga ngoma hakujui.

Akamwita Pimbi. Hakumkaribisha kukaa.

"Wewe si ndiye ulikuwa unambebea ngoma yule mzee?"

"Nilikuwa mwanafunzi wake, mkubwa."

"Ni yale yale. Usaili ni baada ya siku tatu. Nataka unipe staili yake. Ile yenyewe."

Pimbi akauliza kwa adabu kama kutakuwa na malipo. Kiboko akamweleza kwamba malipo ni fikra za kizamani. Atamchukua kama intern, atamruhusu kugonga kingoma chake nyuma wakati wa usaili, na hivyo atakuwa amepata exposure, ameonekana na wakubwa. Pimbi alitazama chemchemi. Akafikiria mama yake na wadogo zake juu ya jabali, midomo imepauka. Akajua kwamba kazi hii ikienda kwa Kiboko, kiangazi hiki hawakimalizi.

"Sawa, mkubwa," akasema. "Wewe uliza, mimi nitajibu."

Alianza na ngozi: inaanikwa hivi, kila asubuhi, jua la... Kiboko akamkatiza. Hayo mambo ya theory aachane nayo. Yeye anataka vile vitu ambavyo watu wakiviona watasema, naam, huyu ni Kakakuona mtupu.

Siku ya kwanza Kiboko akauliza, Mzee alikuwa anakaaje akipiga. Pimbi akajibu alichoulizwa: bega la kushoto limevutwa, ulimi nje pembeni, jicho moja limefumbwa. Alichoulizwa, basi.

Siku ya pili Kiboko akauliza, kwenye Pumzi alikuwa anafanya nini. Pimbi akajibu alichoulizwa: ananyamaza, mkubwa, ananyamaza mpaka basi. Kiboko akafurahi. Kubana pumzi ni fani ya ukoo wao. Akasema atanyamaza kuliko Kakakuona mara kumi. Pimbi akasema hana shaka. Alichoulizwa, basi.

Siku ya tatu Kiboko akauliza siri ya ndani. Lazima kulikuwa na siri, mzee wa watu hawezi kuwa mashuhuri hivi bila dawa.

"Kuna jambo moja," Pimbi akasema. "Alikuwa halali mbali na ngoma. Alilala ameikumbatia."

Na ni kweli, wallahi, Mzee alilala ameikumbatia. Mzee alilala juu ya jabali kavu. Lakini Kiboko hakuuliza wapi.

Usiku ule Kiboko aliingia na ngoma matopeni, chubwi, akaikumbatia kama bibi harusi, akakoroma.

Asubuhi ya usaili Korongo na kamati yake wakapanga mstari. Koo tatu zilisubiri nyuma ya kilima: kanga, pundamilia, ngiri. Sharti lilikuwa rahisi: waite waje, waage waende. Pimbi alikuja mapema na kingoma chake, akakaa nyuma, na kingoma kilikuwa kimeota jua tangu macheo. Ukikigusa kwa ukucha tu, kinalia ti.

Kiboko akatoka kitandani kwake na ngoma kubwa, matope yanachuruzika. Akavuta bega. Akatoa ulimi, na ulimi wa Kiboko si ulimi, ni mkeka. Akafumba jicho. Wanakamati wakatazamana, wakaandika: anafanana sana.

Akapiga. Bwefu.

Akapiga tena. Bwefu. Tepe. Bwefu.

Hakuna aliyekuja. Nyuma ya kilima kanga mmoja aliuliza kama kuna mgonjwa wa tumbo huko mbele. Kiboko akaiambia kamati kwamba tatizo ni nidhamu ya wananchi, kisha akasema sasa wangoje Pumzi. Bwefu-bwefu, tepe-tepe, bwefu... kimya. Akabana pumzi, akafumba na jicho la pili. Akabana. Akabana. Korongo akabadilisha mguu.

Ndani ya kile kimya Pimbi akasikiliza. Hakuvuta bega, hakutoa ulimi. Akasikia ukwato mmoja wa pundamilia nyuma ya kilima, umeinuka, haujui pa kushuka. Akaushusha.

Ka!

Na kabla vumbi halijatua akaunganisha: ndu-ka, ndu-ka! Tiki-tiki-tiki! Gwa-ndu, gwa-ndu! Kwa mkono wake mwenyewe, kwa lafudhi ya jabalini, haraka kidogo kuliko Mzee, na tamu. Kilima kilitapika wanyama. Pundamilia hao, kanga hao, ngiri mikia juu kama antena. Wote kwa pamoja. Kiboko akafumbua macho, akaona umati, akainama kama mtu anayepokea makofi.

"Mmeona wenyewe," akasema.

Korongo akachomoa kalamu.

Lakini wanyama wale walikuwa wameitwa, hawajaagwa. Walishuka chemchemini. Wakajaa. Pundamilia wakasimama juu ya kitanda cha matope cha Kiboko. Ngiri wakalala ndani yake. Kanga wakampanda Kiboko mwenyewe mgongoni wapate kuinamia maji. Maji yakashuka hadi kifundo. Korongo akamwomba mgombea awaage, kama sharti linavyosema. Kiboko akapiga. Bwefu. Ngiri mmoja akamtazama, akaendelea kugaagaa. Bwefu. Ngozi ikazama katikati kama kitanda cha kamba.

Kiboko akainamisha kichwa mpaka kwenye sikio la Pimbi.

"Piga, bwana. Waondoe hawa."

"Mimi, mkubwa? Mimi ni intern."

"Pimbi. Chemchemi inaisha."

"Naona. Lakini sina uzoefu. Mwenye uzoefu ni wewe, iko kwenye faili."

Maji yakashuka hadi ukucha. Pimbi aliyapima kwa jicho, maana hata mama yake na wadogo zake wangekunywa nini yakiisha. Lakini uso wake ulikuwa umetulia kama jabali. Alijua ana nafasi ya kusubiri kidogo tu. Kimya kina urefu wake.

"Unataka nini?" Kiboko akanong'ona.

"Sema unachokijua. Kwa sauti, kamati iandike."

Kiboko akameza mate, na Kiboko akimeza mate bonde zima linasikia. Akasema sijui. Pimbi akasema hawajasikia huku nyuma.

"Sijui kupiga ngoma," Kiboko akasema. "Sikujua jana, sijui leo. Anayejua ni huyu."

Parara-ndi. Koo tatu zikageuka, zikaondoka bila maneno. Chemchemi ikaanza kujaa taratibu. Pimbi akaita ukoo wake mwenyewe, mdundo mdogo ambao tangu bonde liwe bonde ulikuwa ukipigwa wa mwisho, na mama yake akashuka jabalini akitembea polepole, kichwa juu.

Kamati ikakaa kikao. Ikakaa tena. Mwisho Korongo akasoma uamuzi kwa mguu mmoja: Pimbi ameonekana anafaa kabisa, kwa hiyo atapiga ngoma kila siku, kama Kaimu, hadi hapo mtu mwenye sifa atakapopatikana. Naye Mheshimiwa Kiboko, kwa ukweli wake uliotukuka, ateuliwe Mshauri Mkuu wa Ngoma.

Ngano imekunywa, imepangusa mdomo, imepanda jabalini kwake. Anayeitaka aikimbilie.

Na funzo lake ni hili, wanangu: wakubwa husema ukweli bila kubanwa, vyeo huwafuata wenye kuvistahili, na kijana mvumilivu hukumbukwa. Kama mmesikia kitu kingine, masikio yenu yanahitaji cheti.

Sasa wewe Korongo, na ninyi wote mliokaa upande ule wa meza na kalamu zenu: futeni neno "kaimu". Andikeni barua ya Pimbi leo, kwa jina lake kamili, mpige muhuri, na mumkabidhi mkononi kabla jua halijazama.