Ushahidi wa Ukuta

Enyi mliojumuika kwa kutaka kheri, mabwana na mabibi mlioziacha shughuli zenu mkaja kusikiliza, Mola azilainishe nyoyo zetu.

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa ukingoni mwa jangwa palikuwa na mwashi mchamungu, Kutaiba, aliyesimamia mafundi saba wakijenga nyumba ya kuwapokea mahujaji. Alikuwa na ada moja iliyowakera. Kila baada ya sala ya Alasiri humketisha fundi mmoja chini ya kazi yake, akamwuliza: "Ukuta huu utakushuhudia nini?" Kisha hungoja jibu. Hasifu, wala halaumu.

Mafundi wakaingiwa na dhana mbaya. Wahbi, mwenye ulimi mkali, akanong'ona: "Huyu hajui uashi. Anatuchuma ujuzi kwa maswali."

"Lau angekuwa hajui, ingekuwa nafuu," akajibu Dhirari. "Ana jasusi miongoni mwetu. Anataka tujitie kitanzi kwa ndimi zetu wenyewe."

Tangu hapo kila mmoja akamtazama mwenziwe kwa jicho la pembeni. Hata aliyeazima mwiko aliulizwa waupeleka wapi.

Naye Dhirari alikuwa na la kuogopa. Kwa pupa ya kumaliza, alipachika matofali mabichi, yasiyochomwa, ndani ya tao la chumba cha kulala, akayafunika kwa chokaa. Akikiri, atafukuzwa, na nyumbani ana mama kipofu amtegemeaye. Akinyamaza, kesho mahujaji watalala chini yake.

Siku hiyo zamu ikamfikia. Kutaiba akamwuliza lile lile. Dhirari akafoka: "Ya Sheikh, ni nani aliyekwambia?"

"Kunambia nini, mwanangu?"

Dhirari akamkazia macho akiitafuta hila usoni mwake, asiione. Akainua macho kwenye tao.

"Litanishuhudia khiyana," akasema, akaeleza yote.

Kutaiba akaruka kutoka chini ya tao, akamvuta na yeye. "Wallahi, sikuwa najua!"

"Basi mbona watuuliza?"

"Mimi ni mmoja, na kuta ni nyingi. Nataka kila ukuta uwe na fundi wa kujiuliza nisipokuwapo. Haya, wewe waonaje, litengenezwe vipi?"

Dhirari alikuwa akingoja neno la kufukuzwa. Halikuja. "Livunjwe lote," akasema, "kwa mkono wangu."

Wahbi akatwaa nyundo. "Sogea, mtaalamu wa tope," akamtania, "usije ukauvunja na mguu." Wenzao wakacheka, wakaja kusaidia. Mahujaji walipowasili, tao halijajengwa upya, wakatandikiwa uani, nao hawakulalamika.

Ndugu zangu, Dhirari aliona mtego pale alipowekewa ngazi. Lakini na tumhurumie, kwani mtu aliyezoea kuhukumiwa huona hukumu katika kila swali. Aliyepewa amana ya kuongoza watu na awaulize kwa moyo safi, kisha awe na subira ya kulisikia jibu, hata likiwa chungu.

Kisa hiki nilikipokea kwanza kwa mwalimu wangu wa chuoni, Bi Zuwena binti Mselemu, Mola amrehemu.