Bi Pimbi na Chungu cha Bangi

Nilete?
Lete!
Nilete na uongo wake?
Lete na uongo wake!
Na machozi yake je?

Aa, hapo mmenyamaza. Basi nitayaleta hivyo hivyo. Mwajabu, toa kidole mdomoni. Leo sina hadithi ya kuchekesha, anayetaka kucheka aende kwa shangazi yake.

Hapo kale palikuwa na jabali, na juu ya jabali walikaa pimbi. Mnamjua pimbi? Mnyama mdogo, mnene kama sungura aliyekatwa masikio, mkia hana. Miongoni mwao alikuwako Bi Pimbi, mjane. Alizaa watoto saba. Bwana Chui, aliyekaa pangoni kwenye jabali hilo hilo, akamlia sita. Akabaki mmoja tu, Kidoti.

Siku moja Bwana Chui akaugua jino. Likamuuma, hali, halali. Akasikia kwamba dawa ya usingizi ni bangi. Akaja kwa Bi Pimbi, akambana Kidoti chini ya kiganja, akamwaga mbegu kumi na mbili juu ya jiwe.

"Nipandie bangi," akasema. "Mtoto nakaa naye. Siku nitakayolala usingizi mnono, nitakurudishia."

"Bwana mkubwa, mimi sijawahi kupanda hata mchicha. Na hapa kwetu ni mawe matupu."

"Panda kwenye vyungu. Na usichelewe, maana huyu ananona."

Bi Pimbi akashuka mahameni, kijiji kilichohamwa na watu zamani, akaokota vyungu vya zamani, akavisukuma mpaka juu, gudu gudu gudu. Udongo akaubeba konzi kwa konzi. Akapanda mbegu sita. Kwa hofu ya mtoto wake akamwagilia asubuhi, akamwagilia mchana, akamwagilia jioni. Chwaa! Chwaa! Chwaa! Miche ikaota, ikainama, ikaoza. Chungu hakina tundu chini, maji yaende wapi?

"Bado?" akauliza Bwana Chui kutoka pangoni.

"Bado, bwana mkubwa."

"Mtoto ananona."

Bi Pimbi akalia. Alipomaliza kulia akachukua jiwe, akatoboa vyungu, ko, ko, ko, akapanda mbegu nne. Zikaota. Majirani wakaja kuangalia, si mnajua majirani. Wakasema udongo hauna nguvu, utiwe mbolea. Sasa pimbi wana desturi yao: ukoo mzima hujisaidia mahali pamoja, tangu enzi za mababu, na wanajivunia kweli kweli.

"Tia ya leo, mbichi," wakamwambia. "Ya kwetu si ya ovyo ovyo."

Akatia mbichi. Majani yakawa ya manjano, yakaungua ncha, yakafa. Majirani wakanuna kana kwamba yeye ndiye aliyewatukana.

"Bado?"

"Bado, bwana mkubwa."

"Mtoto ananona."

Zikabaki mbegu mbili. Hapo Bi Pimbi hakuuliza mtu. Akachimba chini kabisa ya lundo la ukoo, akatoa mbolea kuukuu, kavu kama majivu, akachanganya kidogo tu. Maji akamwagilia akishaona udongo umekauka kidole kizima. Asubuhi akasukuma vyungu juani, adhuhuri akavirudisha kivulini, maana jabali lilikuwa linachoma. Gudu gudu kwenda, gudu gudu kurudi, miezi minne. Mikono ikamchubuka. Wakati wa kuchanua mmea mmoja ukaonekana dume, akaung'oa, usije ukaujaza mwenzake mbegu. Ukabaki mmoja. Mmea mmoja, mtoto mmoja.

Ulipokaribia kukomaa, akamsikia Bwana Chui akimwambia Kidoti: "Mimi nikilala vizuri huamka na njaa. Utakuwa kifungua kinywa changu."

Hata hivyo akavuna, akaanika kivulini, akapika kwa mafuta. Kwa kuwa hakujua alichokipika, akaonja punje moja. Lo! Kutwa nzima alikaa anageuka nyuma. Moyo wake ulikuwa unapiga, du-du, du-du, naye akadhani kuna mtu anamfuata. Kesho yake akili iliporudi, akakaa akafikiri sana. Halafu akabeba chungu mpaka pangoni.

"Bwana mkubwa, dawa hii hapa. Onja punje moja tu. Iliyobaki ni ya Simba, ameniagiza."

"Mbegu zilikuwa za nani?"

"Zako, bwana mkubwa."

"Simba asinizoee!"

Akala, mnya mnya mnya. Akala yote, akalamba na chungu. Akajilaza. Jua likapanda, likafika utosini. Macho yakawa mekundu, ulimi mkavu. Bi Pimbi akasogea.

"Bwana mkubwa, unasikia?"

"Nini?"

"Nyayo."

Bwana Chui akasikiliza. Du-du. Du-du.

"Nani huyo?"

"Simba. Anafuata bangi yake."

Du-du, du-du, du-du!

"Mbona amekaribia hivi?"

"Anakimbia, bwana mkubwa. Nawe kimbia!"

Bwana Chui akatoka mbio. Akikaza mbio, nyayo zinakaza. Akiruka, zinaruka. Hakuangalia mbele, alikuwa anaangalia nyuma, mpaka jabali likaisha. Puu! Huko chini nyayo zikakoma.

Msipige makofi, sijamaliza.

Kidoti alikuwa kwenye kona ya pango, ameyasikia yote. Mama yake akamnyanyua, akamkumbatia kwa nguvu, akambana kifuani. Mtoto akalaza sikio. Du-du. Du-du.

"Mama! Simba anakuja!"

Akamponyoka, akajichimbia kwenye ufa wa jiwe.

"Hakuna Simba, mwanangu. Ni moyo wangu huo. Nilikuwa namdanganya yule."

"Hata yeye ulisema naye kwa sauti hiyo hiyo," mtoto akajibu kutoka ufani.

Siku zikapita, miezi ikapita. Kidoti anakula, anakua, anaota jua na wenzake. Lakini kifuani kwa mama yake hakai. Akisogezwa tu, anasikia nyayo, anakimbia. Bi Pimbi aliyekuwa akisukuma vyungu miezi minne ili amshike tena mwanawe, anamtazama kwa mbali. Roho inamuuma, na mimi inaniuma nikisimulia.

Haya, funzo, maana najua mtalidai. Funzo ni kwamba uongo haufai, watoto wangu. Bi Pimbi angesema kweli, Kidoti angeliwa, lakini angeliwa na mtu aliyeambiwa kweli. Si ingekuwa adabu nzuri hiyo?

Nimefika mwisho, sina zaidi. Utamu wake gawaneni, uchungu niachieni mimi. Na wewe Mwajabu, nenda kakae na mama yako.