Kiti Kutoka Pemba

Mtu akimwona nyoka chini ya kitanda chake, haendi kuifuata ile fimbo nzuri aliyoiacha kwa shemeji yake kijiji cha pili. Hushika mchi, mwiko au ufagio, chochote kilicho karibu na mkono, kwa sababu nyoka hangoji. Ndiyo maana ya methali isemayo fimbo ya mbali haiui nyoka. Watu wa Olumbi huijua tangu utotoni, na Shemasi Lázaro aliijua pia. Lakini methali ni rahisi kuitamka na ngumu kuikumbuka siku inapotakiwa.

Kanisa la Kibaptisti la Olumbi lilikuwa dogo, la miti na udongo. Upande mmoja liliezekwa mabati na upande wa pili makuti, kwa kuwa mabati hayakutosha. Waumini wake hawakufika arobaini. Wengi walikuwa Wamakonde wa bara, kutoka huko juu Mueda, waliokimbia vita wakatua pwani katikati ya Waislamu waliozaliwa na kuzikwa hapo tangu enzi za mababu. Waliishi vizuri. Waliazimana vinu na makaa ya moto, waliuguzana, na mtu akifiwa hakuna aliyeuliza marehemu alisali wapi.

Miongoni mwa waumini hao alikuwapo Bibi Matilde, mwanamke mwembamba kama ufito, mwenye ucheshi ambao hata njaa haikuweza kumwondolea. Yeye ndiye aliyeoka mkate wa Meza ya Bwana. Kila ilipofika siku yake aliamka alfajiri, akakanda unga wa ngano bila hamira, akauoka kwenye kikaango, kisha akaufunika kwa kitambaa cheupe. Sahani ilipopita kanisani aliipokea kwa mikono miwili na kumpa aliyeketi ubavuni pake. Yeye hakula. Kwa desturi ya kanisa lile asiyebatizwa hali mezani, na Bibi Matilde alikuwa bado hajabatizwa. Miaka sita alikuwa akiwaokea wenzake mkate, na miaka sita hakujua ladha yake, maana hata jikoni aliona ni makosa kuuonja.

Si kwamba hakutaka. Alikwisha kusimama mbele ya kanisa na kusema anaamini. Lakini kabla siku yake haijafika, kiharusi kilimpiga upande wa kulia, mguu ukawa mzito kama gogo lililolowa. Na Wabaptisti hawamnyunyizii mtu maji kichwani, humzamisha mwili mzima akaibuka. Bahari ilikuwa chini ya mteremko mrefu wa mchanga, naye hata mlangoni alifika kwa kushikwa. Mchungaji wa kubatiza alikuwa mmoja tu, Mchungaji Domingos, aliyekaa mji wa Pemba, mbali kusini mwa pwani hiyohiyo, na kufika Olumbi mara mbili kwa mwaka, barabara ikiruhusu.

Shemasi Lázaro, seremala aliyeliongoza kanisa siku ambazo mchungaji hayupo, aliandika barua Pemba. Ndugu wa huko wakaahidi kiti cha magurudumu. Tangu hapo ubatizo wa bibi uliahirishwa mara tatu, kwa sababu kiti kilikuwa bado njiani.

Jirani wa Bibi Matilde alikuwa Cadija, Mwislamu, mjane wa makamo aliyejipatia riziki kwa kuokota makome na kuchokoa pweza maji yakipwa. Ua mmoja tu wa makuti ulitenganisha nyumba zao, na ua wenyewe ulikuwa na tundu la kupitishia sahani. Siku moja alimkuta Lázaro amekuja kumjulia hali bibi.

"Shemasi," alisema, "kiti hicho kinakuja kwa miguu? Maana kutoka Pemba hadi hapa hata konokono angeshafika."

"Kitakuja, mama Cadija. Tumeahidiwa."

"Nipe watu wanne na kitanda cha kamba, leo hii namfikisha baharini. Huyu bibi hafiki uzito wa gunia la mihogo."

"Tunakushukuru sana. Lakini kitanda watu wamezoea kubebea maiti. Tunataka aende kwa heshima."

"Kwani mnabatiza kiti au mnabatiza mtu?"

Bibi Matilde alicheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki mzima. "Muache, Cadija. Shemasi wetu anapenda vitu vyenye misumari."

Lázaro hakuwa mtu mbaya. Nyumba nyingi za waliokimbia vita alizisimamisha yeye bila kudai hata kuku. Lakini moyoni alikuwa na hofu mbili. Aliogopa watu wasije wakasema Wakristo wa Olumbi hawawezi hata kubatizana bila kubebewa. Aliogopa pia Cadija asije akasemwa na watu wake kwa kujitia katika mambo ya kanisa. Kwa hiyo kila alipoahidiwa msaada alishukuru kwa maneno, na mambo yakaishia hapo.

Hatimaye, Jumapili moja alfajiri, habari zikaja kwamba mchungaji angefika Jumapili inayofuata, na kiti kimo garini. Lázaro alifurahi kama mtu aliyeona mvua ya kwanza. Alitaka safari hii pasikosekane kitu. Asubuhi hiyohiyo, saa tatu, aliteremka pwani kupima mahali. Maji yalikuwa yamejaa hadi karibu na minazi. Aliingia mpaka kiunoni, akachomeka mti kuwa alama, akapanda akiwa na furaha. "Jumapili ijayo, saa tatu kamili," aliwatangazia waumini, na saa hiyohiyo akaipeleka Pemba kwa simu. Hakuna aliyeuliza neno, kwa sababu karibu wote walikuwa watu wa bara kama yeye.

Siku ya Jumamosi Cadija alikuwa akimenya mihogo uani kwa Bibi Matilde aliposikia habari hiyo. Kisu kilisimama mkononi.

"Saa tatu? Nani kawapa saa tatu?"

"Lázaro kaenda mwenyewe, kayaona maji."

"Kayaona Jumapili iliyopita. Maji hayafuati saa ya ukutani, Matilde. Kila siku yanachelewa kidogo, na wiki ikiisha yaliyokuwa yamejaa yanakuwa yamekupwa. Tena kesho ni bamvua, bahari inakwenda mbali kabisa. Saa tatu mtawakuta kaa peke yao."

Aliiacha mihogo, akaenda kwa Lázaro, akamweleza. Shemasi alikuwa akipiga randa ubao wa benchi la mgeni.

"Mama Cadija, niliyapima kwa kiuno changu."

"Kiuno chako ni cha wiki iliyopita. Maji yatajaa saa tisa alasiri."

"Saa saba gari la mchungaji linaondoka. Jioni barabara hii haisafiriki, unajua mwenyewe. Na Pemba wameshaambiwa ni saa tatu."

"Bahari haikuambiwa," alisema Cadija. "Nyinyi watu wa bara, bahari mnaijua kwenye chumvi tu."

Akarudi kwenye mihogo yake.

Jumapili ilipambazuka nyeupe. Gari lilifika mapema, na kiti kikashushwa, kinang'aa kama sarafu mpya. Bibi Matilde, aliyekwisha kuoka mkate wake tangu alfajiri, alivishwa gauni jeupe na kuketishwa. Kanisa zima likamfuata kuteremka mteremko, wanawake wakiimba kwa sauti ya kwanza na ya pili, wanaume wakizuia magurudumu yasikimbie. Walipoipita minazi ya mwisho, wimbo ulikatika.

Bahari haikuwapo. Palikuwa na tope, majani ya baharini yaliyolala kama nywele zilizolowa, na mawe meusi hadi mbali, ambako mstari mwembamba wa maji ulimetameta. Mti wa Lázaro ulisimama mkavu, na juu yake ametua ndege.

Watu walimtazama Lázaro. Lázaro aliutazama mti.

"Yatarudi saa ngapi?" aliuliza Mchungaji Domingos kwa upole.

"Saa tisa," Lázaro alijibu kwa sauti ya chini.

Mchungaji alitikisa kichwa. Dereva hangeweza kungoja hadi saa hiyo. Akainama mbele ya kiti. "Irmã Matilde, dada yangu, nitarudi baada ya miezi sita, Mungu akipenda."

"Miezi sita kwako ni michache, mchungaji," alisema bibi. "Mimi ulianza mguu, sasa ni mkono. Sijui mwezi gani utafuata ulimi. Nilitaka kula mkate wangu nikiwa bado naweza kuutafuna."

Mtu mmoja alipendekeza pipa lijazwe maji ya kisima. Mchungaji akasema bibi hawezi kukunjwa ndani ya pipa kama samaki wa chumvi. Ndipo Lázaro, macho yamemwiva, akashika mikono ya kiti na kukisukuma kuelekea maji yaliko. Hatua kumi hazikutimia, magurudumu yalizama kwenye tope hadi katikati. Alivuta, akasukuma, akavuta tena. Kiti kilikaa pale kama punda aliyegoma.

"Shemasi," Bibi Matilde alimwambia taratibu, "pumzika, baba. Umefanya uwezalo."

Lakini mbali kule kwenye mawe, Lázaro aliona wanawake wameinama na makapu yao, na mmoja alikuwa na fimbo ndefu ya kuchokolea pweza. Alivua viatu vyake vya Jumapili, akakunja suruali, akakata tope kwa miguu mitupu mbele ya macho ya kanisa zima mpaka akamfikia.

"Mama Cadija, nimekosa. Tusaidie."

Cadija hakuinua uso mara moja. "Saa ngapi sasa, shemasi?"

"Saa tatu na robo."

"Basi hujachelewa." Akanyoosha kiuno. "Nyuma ya mwamba ule pana dimbwi. Halikauki hata bamvua, kina chake kinafika kifuani. Kachukueni kitanda changu, nyumba yangu ndiyo ya karibu. Waite na wapwa zangu, wako pale wanashona nyavu. Fanyeni haraka, maji yanakaribia kugeuka, nayo hayangoji nyimbo zenu. Nyimbo zenu ndefu."

Lázaro alisita. "Na watu wako hawatakusema?"

"Watasema. Dini ni yenu, mimi nina yangu. Maji ni ya Mungu, na Matilde ni jirani yangu."

Kitanda kikaletwa. Wapwa wawili wa Cadija, Tarique na Rizuane, walishika mbele, Lázaro na mchungaji wakashika nyuma. Cadija alitangulia akipima tope kwa fimbo yake. "Kanyageni nilipokanyaga. Kushoto mtazama. Hapo pana mawe makali, nyanyueni miguu." Waumini walimfuata mmoja mmoja kama siafu, na Bibi Matilde juu ya kitanda alikuwa akiwapungia mkono wanawake wa makome. "Mtanisamehe," aliwaambia, "maiti wa leo anaongea."

Dimbwi lilikuwa pale, kijani na tulivu. Cadija alitumbukiza fimbo, akaonyesha maji yalipofika, kisha akasogea mbali, akawageuzia mgongo na kuendelea na pweza wake. Mchungaji na Lázaro walimteremsha bibi. Maji yalipomfika kiunoni alishtuka, akatazama chini. Ule mguu uliokuwa gogo ulikuwa ukielea. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu haukuwa na uzito wowote.

"Unamwamini Bwana Yesu kuwa mwokozi wako?"

"Namwamini."

Akazamishwa, akaibuka, maji yakimchuruzika usoni, na hakuna aliyejua yapi yalikuwa ya bahari na yapi yalikuwa yake. Wimbo ulilipuka. Walipofika ubeti wa tatu, sauti ya Cadija ilisikika toka mbali, bado amewapa mgongo:

"Shemasi, ubeti huo kaimbieni nchi kavu. Maji yanakuja."

Kweli, walipoondoka maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu, na walipokaribia mchanga yalikuwa magotini.

Ndani ya kanisa, Meza ya Bwana iliandaliwa. Sahani ilipita mkono kwa mkono mpaka ikamfikia Bibi Matilde, gauni lake bado bichi. Safari hii hakuipitisha. Alimega kipande, akakiweka kinywani, akafumba macho. Bibi akatafuna polepole, akameza, akafumbua macho.

"Jamani," alisema, "mkate huu hauna chumvi. Miaka sita yote mlikuwa mnakula hivi mkanyamaza?"

Mchungaji ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko kikaenea hadi kwa watoto waliokuwa nje.

Saa saba gari liliondoka. Kiti kilichomolewa topeni, kikaoshwa, na toka siku ile kilimpeleka Bibi Matilde kanisani na kumrudisha. Hakuna aliyekidharau, kwani njia kavu ndiyo kazi yake. Jioni bibi alioka mkate mwingine, safari hii kwa chumvi, akaupitisha kwenye tundu la ua. Pweza wa Cadija akaja upande wa pili katika sahani ileile.

Jumapili iliyofuata Lázaro alisimama mbele ya waumini. Hakuwa na mahubiri marefu. Alisema kuanzia siku hiyo tarehe ya ubatizo haitapelekwa Pemba kabla ya kumuuliza mama Cadija, na kwamba yeye, aliyetazama barabara ya Pemba miaka mitatu, alikuwa amewapa kisogo watu waliokuwa wakimwita kutoka ng'ambo ya ua wa makuti. Kisha akaketi kwenye benchi lake, na kwa ule upande wa mdomo uliobaki mzima, Bibi Matilde akamsaidia kumalizia: fimbo ya mbali haiui nyoka.