Rangi Juu ya Mpira

Wapendwa, ilikuwepo manowari moja iliyosifika. Kila vita ilikokwenda ilirudi na ushindi, na kila ushindi ukachorwa kwenye bamba la shaba pale sitahani. Mabaharia walilisugua kila asubuhi mpaka mtu anajiona uso.

Ndani yake alikuwamo baharia mtunza milango ya chuma ya tumboni mwa meli. Meli ikitobolewa, milango ile hufungwa, na ukanda wa mpira mweusi ukingoni ndio huzuia maji. Mdogo wake alifanya kazi humohumo, chumba cha injini. Mama yao alikuwa amemwambia, "Wewe ndiye mkubwa. Umrudishe mwenzio."

Zikaja habari kwamba mkuu wa wanamaji anakuja kuitunuku meli nishani nyingine. Basi ni kufagia, ni kusugua, ni kupaka rangi! Baharia wetu akaitazama milango yake: chuma cheupe kinapendeza, lakini ule mpira mweusi unamkera kama jino bovu. Akachovya brashi.

"Kaka, mpira haupakwi rangi," mdogo wake akasema. "Utakakamaa, utapasuka."

"Niache bwana! Mgeni akiondoka nitaikwangua."

Mgeni akaja, akaisifu milango, akaenda zake. Je, rangi ilikwanguliwa? Wapendwa, nani hukwangua kilichosifiwa?

Meli ikarudi vitani. Kombora likaitoboa ubavuni, chini ya maji. Baharia akakimbilia chumba cha injini, akaufunga mlango nyuma yake, akaukaza kwa nguvu zake zote.

"Usiogope, mdogo wangu. Tumeshafunga."

Mlango haukuvunjika. Maji yalipenya ukingoni, kidogokidogo, pale penye rangi. Yakawafika magotini, yakawafika kifuani. Mdogo mtu akamgeukia.

"Kaka, uliikwangua?"

Meli ikazama na bamba lake linang'aa.

Na sisi je? Nyumba njema si mlango, walisema wazee wetu. Tunaingia humu kanisani tumependeza, tunashikana mikono, tunaimba. Lakini yule ndugu usiyesema naye tangu msiba wa baba yenu, umempaka tabasamu. Yale machozi ya mkeo umeyapaka picha ya harusi ukutani. Na kila mmoja wetu anasema moyoni, wageni wakiondoka nitashughulikia. Inaniuma, maana maji hayasubiri wageni waondoke.

Leo sikuulizi una nishani ngapi. Nakuuliza swali la yule kijana, maji yakiwa kifuani: uliikwangua?