Kapu Lisipite Goti

Hapo zamani za kale, chura angali na mkia na punda hajajua kupiga kelele, wanyama walilima mtama shamba moja. Siku ya mavuno kila mmoja alikuja uwanjani na kapu lake, akachota mara moja tu. Mara moja! Haki iliyoje, sivyo? Basi ngojeni.

Walioanza kuchota ni wakubwa. Na kapu la Bwana Kiboko lilikua kila mwaka kama lina mama anayelinyonyesha. Mwisho likawa na mlango na kibaraza! Akichota yeye, gharrr! Akija Mzee Kifaru na lake, gharrr! Wadogo wakifika, wanakuta makapi na vumbi.

Watoto wa Bi Nguchiro walitafuna mizizi kiangazi kizima, na kitindamimba hakuwa tena na nguvu ya kulia. Bi Nguchiro akawaita wadogo wenzake.

"Jamani, tuweke kikomo cha kapu."

Panya akaruka kama kakanyaga kaa la moto. "Kikomo? Huna haya! Je, mimi nikija kuwa mkubwa?"

"Wewe, Panya?"

"Mungu hashindwi! Usinizibie riziki."

"Mwaka jana ulipata hata punje?"

"Sikupata. Lakini nina kapu kubwa moyoni!"

Fuko akadakia, "Kweli kabisa. Hata mwanangu huyu, mtazameni mabega. Ana dalili za kiboko."

Bi Nguchiro akajipiga paji la uso, paa! "Haya matumbo matupu nayaelewa. Hivi vichwa navyo nani kavikomba?"

Akarudi nyumbani akifoka njia nzima. Mlangoni kitindamimba akamwuliza kwa sauti ya unyoya, "Mama, leo kuna uji?"

Hakuingia ndani. Akageuka, mbio, hadi kwa Panya.

"Jirani, umesikia? Fuko anasuka kapu kubwa kuliko la Kiboko."

"Fuko? Yule kipofu wa mashimoni? Anajiona nani!"

Akamwendea Fuko. "Panya anasuka kapu la ajabu."

"Mwizi yule! Awekewe kikomo leo leo!"

Kisha chwa, chwa, chwa, hadi mtoni. "Shikamoo, Bwana Kiboko. Natoka kwa Mzee Kifaru. Kapu analosuka, ukisimama ndani hata masikio yako hayaonekani."

"Ati?" Kiboko akaibuka, bwaa!

Na Kifaru naye akapelekewa habari ileile, ila ya Kiboko.

Jioni ile Kiboko mwenyewe akaita baraza. "Ndugu zangu, tamaa imezidi! Mavuno haya kapu la mtu lisipite goti langu!" Alipenda kujitaja katika kila jambo. Jicho lake lilikuwa kwa Kifaru.

"Naam!" Kifaru akanguruma, jicho kwa Kiboko. "Atakayezidisha arudi mikono mitupu!"

Panya akashangilia akimtazama Fuko. Fuko akapiga vigelegele akimwelekea Panya. Wakala kiapo wote. Na goti la kiboko, wanangu, mnalijua lilipo: linakaribia kufagia ardhi.

Siku ya mavuno Kiboko akaja anaburura kapu lake lenye kibaraza, kwaruuu! Bi Nguchiro akalipima kando ya goti la Kiboko.

"Limepita, Bwana. Limepita hata sikio."

"Ala! Mimi nilimsemea Kifaru!"

"Nami nilikusemea wewe!" akafoka Kifaru.

"Nami nilimsemea Fuko!" akalia Panya.

"Mimi niliwasemea wote," akasema Bi Nguchiro. "Chukua kapu dogo, Bwana, au urudi mikono mitupu. Ulimi wako ndio uliolisuka."

Kiboko akageuza shingo kutafuta mtetezi. Kila aliyemtazama alikuwa amekula kiapo. Akachukua kapu dogo, kanuna mpaka mashavu yakamfunika macho.

Kifaru naye akachota kwa dogo, na mtama ukafika hadi kwa wa mwisho. Kitindamimba wa Bi Nguchiro akanywa uji tumbo likawa ngoma, akapata nguvu, akalia kutaka mwingine.

Panya naye akaramba bakuli, akafuta masharubu. "Lakini mimi nikija kuwa mkubwa..."

"Panya! Kunywa uji ukalale!"

Hadithi imeniishia mdomoni, shikeni hili: kikomo kikitajwa kwako huchukiza, kikitajwa kwa jirani hupigiwa vigelegele.